Ufagio wa Mama Oliva

Wadogo zangu wa umoja wa vijana, katibu wenu amenifuata mara mbili akitaka niwaandikie kuhusu unyenyekevu wa kiongozi Mkristo kazini. Mara ya kwanza nilikataa. Akafurahi, akasema kukataa kwangu ndiko unyenyekevu wenyewe anaoutafuta. Nikaona nikikataa tena nitatangazwa mtakatifu, basi nimekubali.

Sikukataa kwa unyenyekevu. Nilikataa kwa sababu naujua unyenyekevu kama fundi anavyoijua mashine iliyowahi kumkata. Tena nawaandikia kama mstaafu. Msicheke. Sijafika hata miaka thelathini na mitano, lakini nimeshastaafu usimamizi. Siku hizi nanoa misumeno ya watu hapa Igowole, na chini yangu hakuna mtu yeyote isipokuwa paka, naye hanisikilizi.

Nilikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao. Neno kiwanda lisiwatishe. Ni mabati juu ya nguzo, injini ya dizeli, rundo la magogo ya paini, na ile mashine ya kupasulia ambayo Mufindi nzima tunaiita dingdong. Kazi sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kutazama, kwa kuuliza mpaka watu wanichoke, na kwa video za kwenye simu, ambazo mtandao ulizikata katikati. Ndiyo maana hadi leo yako mambo ninayoyajua nusu ya kwanza tu.

Haya mawili nayajua yote. La kwanza: ukiwa karibu na msumeno, masikio yatangulie macho. Msumeno mkali hupita kwenye gogo kwa sauti moja, kama mtu anayesoma bila kukwama. Ukianza kulia na kukohoa, zima. Usisubiri umalize gogo. La pili: sakafu. Maranda yakilundikana, mtu huteleza, na nimekaa pale vya kutosha kujua kwamba kwenye dingdong kila anayeteleza huteleza kuelekea kwenye meno. Kwa hiyo mtu wa kufagia si pambo. Vidole vya wenzake viko mikononi mwake.

Kwetu mtu huyo alikuwa Mama Oliva. Mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde, na ufagio wake mwenyewe wa fito ambao hakumwazima mtu. Na kuna desturi huku ambayo haijaandikwa popote ila kila mtu anaiheshimu: anayefagia ndiye mwenye maranda. Anayajaza kwenye viroba, anawauzia wafuga kuku na wenye majiko ya maranda. Mshahara wa kufagia ni wa kumfanya mtu asife. Maranda ndiyo yaliyomsomesha Oliva.

Sasa nije kwangu. Msimamizi wa kwanza alipohamia Makambako, tajiri wetu alinipa mimi nafasi. Tajiri wetu alikuwa mama wa Mbeya, tumwite Mama Anyisile, Mmoraviani wa kutoka moyoni, mwenye huruma na mwenye haraka. Fidelis, mwendesha mashine, alikuwa mkubwa wangu kwa umri na ndiye aliyenifundisha kusikiliza msumeno. Kumwamuru Fidelis nilikuwa naona kama kumwamuru baba mdogo.

Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Ubao ukipinda kidogo, silali. Kwa hiyo sikutaka kuwa msimamizi Mkristo wa kawaida. Nilitaka kuwa msimamizi mnyenyekevu kuliko wote kutoka Mafinga hadi Mgololo. Mnaona ugonjwa ulipoanzia? Nilitaka kuwashinda watu kwa unyenyekevu.

Nilianza na kiti. Kiti cha msimamizi kilikuwa cha mbao, chenye mikono, kimewekwa mahali unapoona mashine, magogo na geti kwa mara moja. Nikasema sitakikalia, kwa kuwa mimi ni mtumishi. Lakini sikukitoa. Nilikiacha palepale, kitupu, kila anayeingia akione kitupu. Mteja akiuliza kwa nini nimesimama, namweleza. Asipouliza, nakohoa.

Siku ya Alhamisi Kuu nikaja na beseni, sabuni na taulo. Nikawaambia wenzangu wavue viatu, kiongozi wenu anataka kuwaosha miguu. Wote wakamtazama Fidelis.

"Bosi," akasema Fidelis, "miguu yangu nimeiosha nyumbani. Huo msumeno wa akiba umeshaunoa?"

"Kaka Fide, hii ni ishara ya upendo."

"Naipokea. Msumeno je?"

Haukuwa umenolewa. Mama Oliva pekee ndiye aliyenionea huruma. Akavua kiatu kimoja, akasema, "Basi osha huu, baba, huu mwingine una kidonda." Nikaosha mguu mmoja. Tangu hapo Fidelis akaacha kuniita bosi, akaanza kuniita Mtumishi, na alivyokuwa akilivuta lile neno, mngedhani ni jina la ugonjwa.

Beseni liliposhindwa, nikahamia kwenye kufagia.

Nilifikiri hivi: kazi ya chini kuliko zote hapa ni kufagia, basi atakayefagia ndiye mnyenyekevu kuliko wote. Nikawa nafika asubuhi kabla ya wenzangu, nafagia sakafu mpaka udongo unang'aa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, maranda sikuyaacha yakae. Niliyachoma nyuma ya rundo la mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome.

Mama Oliva alifika asubuhi ya kwanza, ufagio begani, viroba vitupu kwapani. Akatazama sakafu. Akautazama moshi.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa furaha.

"Kamwene. Nani amefagia?"

"Mimi, mama. Leo wewe pumzika. Kiongozi lazima awe mtumishi wa wote."

"Na maranda umechoma?"

"Yote! Hakuna hata punje."

"Haya. Asante, baba. Mungu akubariki."

Nikaipokea baraka ile kama mshahara. Jamani, wadogo zangu, hebu nisaidieni: mfagiaji atamjibu nini bosi anayefagia? Bosi akikutukana unaweza kwenda kushtaki. Bosi akikunyenyekea utamshtaki wapi? Utasema nini? "Huyu mtu ananitumikia"? Mimi nilikuwa nimemwibia mama wa watu kwa namna ambayo ilimlazimu aniambie asante. Na niliendelea kila asubuhi, na kila asubuhi alinibariki, sauti ikipungua.

Fidelis alijaribu kunizindua. Aliniita pembeni, akasema, "Mtumishi, wewe unanyenyekea kwa kelele sana. Hata injini inasikika kidogo."

Nikamsamehe hapohapo, nikamwambia kwamba nimemsamehe. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mashine.

Niseme kidogo kuhusu wanyenyekevu wenzangu, kwa sababu nilipoanza kujitazama nikawaona kila mahali, na nyinyi mtafanya nao kazi. Yupo meneja anayeanza kila kikao kwa kusema "mimi si kitu," halafu ananyamaza, anasubiri mtu apinge. Usipopinga, likizo yako inachelewa. Yupo anayewamiminia wafanyakazi chai siku ya sikukuu, lakini chai haimiminwi mpaka mpiga picha afike. Nimeona chai ikipoa. Yupo anayeomba dua ya kufungua kazi kwa muda mrefu, akimweleza Mungu makosa ya walio chini yake, wao wakiwa wamefumba macho palepale. Na yupo aliye mbaya kuliko hao wote, yule ambaye ukimwuliza, "Bosi, tufanye nini?" anakujibu, "Mimi ni nani hata niwaamulie? Amueni kwa upendo." Huyo nilikuwa mimi. Mambo yakiharibika, walioamua kwa upendo ndio wanaokatwa mshahara.

Basi Mama Anyisile akaja kutoka Mbeya bila taarifa. Akanikuta nimeinama nafagia, jasho linatiririka, kiti kitupu nyuma yangu. Hata kama ningepanga, isingetokea vizuri vile. Akashika kifua.

"Lusajo! Mwanangu! Msimamizi mzima unafagia?"

"Mimi ni mtumishi tu, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo." Hiyo ni shukrani kubwa kwa Kinyakyusa, na alipofikia kunishukuru kwa lugha ya nyumbani nilijua nimefika. Nikainamisha kichwa ili asione nilivyokuwa natabasamu.

Siku chache baadaye akapiga simu.

"Lusajo, nimefikiri. Kwa kuwa wewe mwenyewe unafagia, na kwa moyo ule, yule mama tumwache akapumzike. Umri nao umeenda. Au unaonaje?"

Wadogo zangu, hapo ndipo palipotakiwa kiongozi. Swali lilikuwa rahisi na jibu lilikuwa neno moja. Lakini kumwambia tajiri hapana ni kiburi, au siyo? Nami nilikuwa nimejizoeza kutokuwa na kiburi. Nikasema, "Kama unavyoona wewe, mama. Mimi ni nani?"

Woga wangu ulikuwa umevaa kanzu ya kwaya, na nikaupisha upite mbele.

Ikanibidi nimwambie Mama Oliva. Nilijiandaa kama mhubiri. Nikamketisha juu ya mabanzi, nikapiga magoti, nikashika mikono yake, nikaanza kulia. Nililia kwelikweli. Nikasema mimi si kitu, mimi ni mdhambi wa kwanza, anisamehe. Nililia mpaka yeye ambaye ndiye aliyekuwa anapoteza kazi ikambidi atafute kitambaa.

"Nyamaza, baba. Nyamaza, utaumwa kichwa."

"Mama, nimekukosea."

"Sawa, umenikosea. Sasa mimi kesho nakuja au siji?"

Nikazidi kulia. Akaelewa, akanyanyuka. Akachukua ufagio wake. Viroba aliviacha. Getini aligeuka, akasema kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, lakini bila hasira: "Oliva amebakiza mwaka mmoja tu wa uuguzi. Nilitaka ujue."

Kesho yake nikagundua kwamba kiwanda hakikuwa na ufagio. Siku zote nilikuwa nikifagia kwa matawi ya paini, kwa sababu ufagio pekee ulikuwa wake, nami kwa haraka ya kunyenyekea sikuwahi kuuliza. Matawi yanasukuma maranda, hayayaondoi chini ya mashine. Mimi niko chini ya mashine napangusa kwa mikono, gogo kubwa linaingia, Fidelis anapiga kelele: "Mtumishi! Msumeno unakohoa! Nizime au nimalizie?"

Nami kutoka chini nikajibu, naomba mniamini, nikajibu: "Amua wewe, kaka! Mimi ni nani?"

Fidelis akazima. Akashuka, akaniinamia pale chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Wewe ni msimamizi, ndiye wewe. Ukitaka kuwa mfagiaji, ile nafasi ilikuwa na mwenyewe. Nimeteleza mara mbili leo. Yupo mtu mmoja tu hapa anayefika chini ya hii mashine na ufagio, na amekaa nyumbani kwa sababu yako. Hebu toka huko."

Nikatoka. Maranda kichwani, maranda puani. Nikaona kiti changu kitupu kinanitazama, na kwa mara ya kwanza kikanifanya nione aibu. Mtu aliyetakiwa kuwa pale, anayeona mashine, magogo na geti, hakuwepo. Alikuwa uvunguni akijisifu.

Nikapanda basi kwenda Mbeya. Njia nzima nilitunga hotuba, nikaifuta, nikaitunga upya. Nilipofika sebuleni kwa Mama Anyisile na kuwekewa chai, hotuba yote ikayeyuka.

"Mama, nimekuja kuomba Mama Oliva arudi kazini."

"Kwani kuna nini? Si ulikubali?"

"Nilikubali kwa woga."

"Woga wa nini? Mimi nakutisha?"

"Hapana, mama. Niliogopa usinione mnyenyekevu."

Akaweka kikombe chini. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbao mbichi kwa bei ya kavu.

"Lusajo, yaani kule kufagia..."

"Nilikuwa nafagia ili nionekane. Na maranda niliyokuwa nachoma ndiyo yanayomsomesha binti yake. Hakuna aliyenituma. Ni mimi."

Nilitegemea anifukuze kazi. Nilikuwa hata nimeshafikiri nitakavyofukuzwa kwa unyenyekevu. Lakini Mama Anyisile hakukasirika. Alipatwa na fadhaa ya aina nyingine kabisa.

"Uuuwi! Lusajo mwanangu! Mimi nimekushuhudia kanisani!"

"Umenishuhudia?"

"Kwenye ibada ya akina mama! Nimesimama mbele, nimewaambia nina kijana Igowole, msimamizi, anafagia kwa mikono yake. Wamelia! Mama mchungaji amelia! Wamesema watakuja kukuona. Leo nikirudisha mfagiaji, wale akina mama nitawaambia nini?"

Hapo nilimwona akilini Mama Oliva akiwa getini, nikajua kwamba kazi yake sasa imekwama kwenye sifa yangu kama gogo lililokwama kwenye mashine. Ili atoke yeye, ilibidi kitu kikatwe.

"Waambie nimeanza kuringa."

"Nini?"

"Waambie yule kijana ameharibika. Cheo kimempanda kichwani. Siku hizi anakaa kwenye kiti, hashiki ufagio, imebidi utafute mtu wa kufagia. Hakuna atakayekulaumu wewe. Watakupa pole."

"Na wewe hutajitetea? Unavyopenda watu wakuelewe?"

Mama yule alinijua. Nikasema sitajitetea. Sijawahi kutoa ahadi iliyoniuma hivyo.

Alipiga simu Igowole palepale, akaagiza Mama Oliva arudi, pamoja na maranda yake. Kisha akaniambia ninywe chai, imepoa.

Nikarudi nikiwa na kazi mpya: kuwa msimamizi. Nikakaa kwenye kiti. Fidelis akisema msumeno unakohoa, nasema zima. Mteja akitaka mbao mbichi kwa haraka, nasema hapana, na lawama naichukua mimi. Kosa likitokea, simwambii Mungu kwa sauti wenzangu wakisikia. Namwita mhusika pembeni, na kama mhusika ni mimi, nasema ni mimi, na nataja kosa lenyewe kwa jina lake. Kusema "mimi ni mdhambi" kwa ujumla hakugharimu kitu. Hata mimi nilikuwa nasema kila siku. Jaribu kusema "ule ubao nimeupima vibaya mimi" mbele ya mtu uliyemkemea jana.

Na sifa yangu ikafa kama nilivyoagiza. Wale akina mama wa Mbeya walifika kweli, safari ya maombi, wakanikuta nimekaa. Mmoja akaninyooshea kidole kidogo, akamnong'oneza mwenzake. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea nitokwe na roho ya kiburi. Waliomba kwa bidii. Fidelis alisimama nyuma yao na kofia mkononi, akiitikia amina kubwa kuliko wote, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa na hadithi nzima, imepangwa, inaanza vizuri na kuishia vizuri. Nikasema amina.

Kiwanda kile kiliuzwa baadaye kwa mtu mwingine, aliyekuja na msimamizi wake, nami nikarudi kwenye kunoa, kazi ninayoipenda. Na kama kuna mjanja kati yenu, ameshaona kwamba ile ahadi ya kutojitetea nimeivunja leo, kwa kurasa kadhaa, kwa ombi la katibu. Mama Anyisile akizipata, namwomba radhi. Niliwaambia yako mambo ninayoyajua nusu tu, na unyenyekevu ni mojawapo.

Lakini asubuhi ile Mama Oliva aliporudi naijua yote. Aliingia getini na ufagio begani na viroba vipya kwapani. Akanikuta kwenye kiti, mgongo umenyooka, nikihangaika nisisimame. Mikono yangu iliutamani ufagio ule kama mlevi anavyotamani chupa. Nikaikalia mikono.

"Kamwene, mama. Leo anzia upande wa mashine, Fidelis anateleza."

"Kamwene, bosi. Nitaanzia huko."

Akafagia upande wa mashine. Akafagia chini yake, mahali nilipokuwa sifiki. Maranda yakaingia kwenye kiroba cha kwanza, cha pili. Mwisho akaja mpaka nilipo, akasimama, akatazama viatu vyangu vilivyokuwa vimekanyaga rundo dogo lililobaki.

"Inua miguu," akasema.

Nikainua.